Weka mkasi chini, bundi haishi kwa studio

Wasee, leo naongea na wenye kamera. Na wenye simu pia, kwa sababu siku hizi simu ya mtu inazumu mbali kuliko kamera aliyonunua babake.

Kuna tabia imeingia kwa huu mchezo wetu wa kupiga ndege picha na mimi nimekataa kuizoea. Mtu anaonyeshwa mahali bundi amezalia. Anapiga picha mbili tatu, anaangalia skrini, anaona bundi mwenyewe ako fiti kabisa lakini nyuma ni vurugu. Vijiti vimepita mbele ya uso. Majani yanang'aa kama mabati mapya. Kipande cha anga nyeupe kimetokea hapo juu ya kichwa kama taa ya stima. Sasa badala ya kufikiria, anaingiza mkono kwa mfuko wa kamera na kutoa mkasi. Asiye na mkasi anavunja tawi kwa mkono. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Nasafisha tu hapo nyuma kidogo."

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio usisome hadi chini ukingoja nigeuke. Hakuna picha ya bundi inayostahili tawi hata moja likatwe karibu na kiota chake. Hiyo vurugu unayoichukia ndiyo imemweka hai hadi leo. Na ukijua kazi yako, unaweza kupata picha safi bila kuigusa.

Najua kuna mtu tayari anasema mimi ni wa kuharibu raha. Hebu nipe dakika chache, halafu unitusi ukitaka.

Hilo jani ni paa la mtu

Tuanze na nyumba yenyewe. Bundi wengi hawajengi. Yule bundi mkubwa wa Verreaux, jitu lenye kope za pinki, huwa anachukua kiota cha zamani cha ndege mwingine, na saa zingine anakaa juu ya ile nyumba kubwa ya vijiti ya fundichuma. Bundi mweupe mwenye uso kama moyo anaingia kwa dari la kanisa, shimo la mti au jengo lililoachwa. Bundi wa Mackinder anataga kwa jabali, kwa kijirafu cha mawe. Hakuna mjenzi hapo. Wote ni wapangaji.

Na mpangaji asiyeweza kujenga ukuta anafanya nini? Anachagua nyumba yenye pazia. Usalama wake wote umetoka kwa kuchagua mahali. Aliangalia lile tawi, akaona linamficha na jua na macho ya watu, akasema hapa ndipo. Halafu wewe unakuja saa nne asubuhi na lenzi yako, unatoa pazia, unapiga picha, unaenda zako kula chapo. Yeye anabaki na dirisha wazi.

Likitoka hilo tawi, kitu cha kwanza kuingia ni jua. Kifaranga cha bundi kina manyoya laini kama pamba na bado hakijaweza kujipoza vizuri. Wewe jua la saa saba likikuzidi unaingia kwa duka kununua maji. Chenyewe kinaenda wapi? Cha pili ni mvua, na kifaranga kilicholowa kikiwa baridi usiku hakina mjadala. Cha tatu ni macho. Kunguru ni mwerevu kuliko wengi wetu. Akiona bundi mchana, anaita wenzake na wanaanza kumsumbua kwa kelele. Na kiota kikiwa wazi, mayai na vifaranga ni chakula. Kama uko Pwani, ongeza kunguru wa India, wale wa Mombasa na Malindi ambao hakuna kitu hawali.

"Lakini tawi si litamea?" Litamea, ndio, lakini si kwa wakati. Bundi wa Verreaux anaatamia mayai kwa zaidi ya mwezi, halafu kifaranga kinakaa kiotani karibu miezi miwili. Mara nyingi anataga mayai mawili na kifaranga kimoja tu ndicho kinafika mwisho. Piga hesabu. Hiyo ni miezi mitatu ya wazazi wawili kuhangaika kwa sababu ya mtoto mmoja, na unataka kuibahatisha yote kwa sababu kijiti kimepita kwa fremu yako.

Macho makubwa si pozi

Kuna ile picha ya bundi ambayo kila mtu anapenda. Anaangalia kamera moja kwa moja, macho mviringo kama sahani, "masikio" yamesimama wima, mwili umenyooka. Tunaandika "mfalme wa usiku" na emoji za moto.

Sasa nikuambie kitu ambacho kitakuharibia hizo picha. Bundi aliyetulia mchana hakai hivyo. Anakaa macho nusu yamefungwa, mwili umelegea, manyoya yamefura, anaonekana kama mwalimu wa zamu Ijumaa jioni. Akifungua macho yote, akajinyoosha akawa mwembamba kama kipande cha gome, akasimamisha yale manyoya ya kichwani, hajakupigia pozi. Amekuona na anajaribu kujificha. Akianza kugonga mdomo ta-ta-ta au kutandaza mabawa kujifanya mkubwa, hapo amekuambia utoke na bado hujasikia. Na kwa sababu macho ya bundi hayazunguki ndani ya kichwa kama yetu, anageuza kichwa chote, hadi karibu nyuzi 270. Ukitembea hatua tano na kichwa kinakufuata hatua tano, jua wewe ndiye tatizo lake la siku hiyo.

Na kuna wakati anamaliza kuongea na kuchukua hatua. Eric Hosking, mmoja wa wapiga picha wa ndege mashuhuri zaidi Uingereza, alipoteza jicho la kushoto mwaka 1937 huko Wales. Bundi alimpiga kwa kucha usiku alipokuwa anapanda kwa kibanda chake cha kupigia picha karibu na kiota. Aliendelea na kazi miaka mingi, na kitabu cha maisha yake kikaitwa An Eye for a Bird. Kama mtaalamu kama huyo alichapwa, wewe na kijana wa boda aliyekuonyesha mti mnajiamini na nini?

Lakini ninachokipenda zaidi ni hiki: bundi aliyetulia ndiye mrembo zaidi. Zile kope za pinki za bundi wa Verreaux unaziona akipepesa au akifumba macho. Akikukodolea kwa woga, zimejificha. Kwa hivyo yule anayekaa mbali na kungoja ndiye anarudi nyumbani na picha yenye rangi ambayo msumbufu hajawahi kupata. Subira inalipa hapa, na si maneno ya kuandikwa kwa kanga.

Huku kwetu bundi tayari ana kesi

Wazungu wakibishana kuhusu maadili ya kupiga bundi picha, wanabishana kuhusu ndege ambaye kwao yuko kwa vikombe na kadi za Krismasi. Huku ni tofauti. Huku bundi ni mshukiwa.

Wewe unajua. Awe anaitwa ndundu kwa Wakikuyu au tula kwa Wajaluo, akilia juu ya paa lenu usiku shosho haulizi ni aina gani. Anauliza nani mgonjwa. Asubuhi vijana wanatafuta mti na mawe. Kuna watu wazima, wenye digrii na gari, ambao hawawezi kutaja hilo jina baada ya jua kuzama. Na kuna uvumi umezunguka miaka mingi, hasa Kenya ya kati, ati mayai ya bundi yana wanunuzi wenye pesa ndefu. Uvumi kama huo hauhitaji kuwa kweli ndio mtu apande mti.

Ndio maana tawi lililokatwa Kenya ni hatari mara mbili. Umefungulia kunguru, na pia umefungulia binadamu. Kiota ambacho watu wamepita chini yake mwezi mzima bila kujua, sasa kinaonekana kutoka barabarani.

Hapo hapo tuongee kuhusu lokesheni. Ukiposti bundi aliye kwa kiota, usiweke jina la mahali kamili. Andika kaunti na uishie hapo. Usipige na ule mlango wa shule au bango la hoteli likionekana pembeni, kwa sababu watu wa mtandaoni ni wapelelezi bila mshahara. Zima lokesheni kwa kamera ya simu, maana picha inabeba namba za mahali ilipopigwa, na ukiituma kama dokumenti kwa grupu ya WhatsApp zinaenda nazo. Hii si mimi kuwa na wasiwasi wa bure. iNaturalist inaficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini, na eBird inaficha rekodi za ndege walio rahisi kudhuriwa. Kama wataalamu wenyewe wanafunika, wewe unaanika kwa nini?

Kuna mahali hali imegeuka vizuri, na hapo nataka usikilize. Kiawara, kule Nyeri, bundi wa Mackinder wanaishi kwa majabali karibu kabisa na mashamba ya watu. Huyu ni yule aliyepewa jina la Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899. Ana macho ya chungwa na anakula panya na fuko, yaani anakula wezi wa mkulima bila kulipwa. Wageni wamekuwa wakienda kumwona wakiongozwa na watu wa hapo hapo, na pesa inabaki hapo hapo. Mahali bundi akiwa na faida kwa jirani yake, yule jirani anaanza kuuliza nani anarusha mawe. Picha nzuri zimesaidia hiyo kazi. Picha za kusumbua zingeiua.

Sasa tusafishe nyuma, bila mkasi

Haya, nimehubiri vya kutosha. Wewe ulikuja kutafuta picha safi na nitakupa.

Ya kwanza ni bure: sogea wewe. Tawi haliwezi kuhama lakini una miguu miwili. Hatua moja kushoto inaweza kutoa kile kipande cha anga nyeupe kichwani kwake na kuweka shina la mti mahali pake. Piga magoti, nyuma inabadilika kutoka majani ya karibu hadi anga au kilima cha mbali. Panda kwa mwinuko ulio mbali, unapata nyasi badala ya mwanga mkali. Zunguka polepole, mbali, bila kuelekea kiota moja kwa moja, na uangalie nyuma ya bundi kabla ya kumwangalia bundi. Wengi wetu tunamwangalia ndege tu. Nyuma tunaikuta tukifika nyumbani.

Ya pili ni umbali, na hapa watu wanakosea hesabu. Wanafikiria kinacholainisha nyuma ni kumkaribia ndege tu. Umbali kati ya ndege na kilicho nyuma yake unafanya kazi kubwa pia. Bundi aliyebanwa na majani nusu mita nyuma yake hatatoka laini hata ukiwa na lenzi ya bei ya plot Kitengela. Bundi yule yule, ukimpata kwa upande ambao nyuma yake ni bonde mita hamsini, anatoka safi hata na lenzi ya kawaida. Kama una lenzi ndefu, milimita 400 kwenda juu, ifungue kabisa, f/4 au f/5.6, na utafute huo upande wenye uwazi. Lenzi ndefu pia inachukua kipande kidogo tu cha nyuma, kwa hivyo una vurugu kidogo ya kupanga.

Ya tatu ni kivuli. Jua likimfikia bundi na nyuma yake kukawa kivuli cha msitu, punguza mwanga kwa kamera hadi uso wake utoke sawa. Ile nyuma itazama kuwa giza yenyewe, na vijiti vyote vitapotea humo. Watu watauliza kama ulitumia studio. Hii inafanya kazi hata kwa simu: gusa uso wa bundi kwa skrini, halafu vuta mwanga chini kwa kidole.

Ya nne ni kuchagua saa. Saa sita mchana majani yanang'aa kama vioo na hakuna kitu utafanya. Saa kumi na mbili asubuhi, au siku ya mawingu, yale majani yanatulia na kuwa rangi moja. Mawingu ya Julai Nairobi ambayo kila mtu anayalalamikia ni zawadi kwa mpiga picha wa bundi.

Ya tano ndiyo siri, na ndiyo wengi hawana subira nayo: achana na kiota. Kiota ni mahali pa kujificha, kwa hivyo kitakuwa na vurugu daima, ndiyo kazi yake. Lakini mzazi halali kiotani maisha yake yote. Jioni giza likianza kuingia, huwa anatoka na kukaa kwa tawi la wazi au kwa nguzo, anaangalia shamba, anajinyoosha. Kaa mbali, jua alipopenda kukaa jana, mngoje hapo. Utapata bundi mzima na nyuma ni anga ya zambarau. Vifaranga pia, siku zikifika, wanaanza kutembea kwa matawi kabla ya kujua kuruka. Wiki mbili za kungoja zinaweza kukupa picha ambayo mkasi haungekupa.

Ya sita, kama vurugu haitoki, itumie. Acha majani ya karibu na lenzi yatoke fokasi kabisa yawe pazia la kijani, na katikati liache jicho moja la bundi. Mtazamaji anahisi amechungulia. Na hiyo ndiyo kweli, ulichungulia.

Mwisho ni kuediti. Kwa Snapseed au Lightroom ya simu, chagua nyuma peke yake, punguza mwangaza, punguza ukali wa kijani, zima yale madoa meupe yawe ya kijivu. Usiongeze ukali wa picha nzima, maana unaongezea vijiti nguvu. Kata kingo zenye fujo. Kama rangi ndizo zinapigana, jaribu nyeusi na nyeupe, manyoya ya bundi yanapenda hiyo sana. Na uwe makini na ile modi ya potreti ya simu. Huwa inakata yale manyoya ya kichwani na kumwacha bundi na kichwa kama yai.

Wenye simu tu, msijione mmeachwa. Weka simu kwa jicho la darubini ya kuazima, itulize kwa ukuta au kwa bega la beshte, na utashangaa. Nature Kenya wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi Nairobi, na watu wa hapo wanajua ndege na wanajua adabu ya ndege.

Vitu vya kuacha nyumbani: flashi usiku kwa kiota, sauti ya bundi ya kucheza kwa spika ndio mzazi atoke, na droni. Droni hapa inahitaji ruhusa ya KCAA kwanza, lakini hata ukiwa nayo, kwa mama bundi hicho ni kipanga cha plastiki juu ya watoto wake.

"Si basi nitumie AI?"

Swali zuri, na nimelisikia sana. Bundi haguswi, kiota hakiguswi, programu inatoa matawi kwa sekunde tatu. Nani ameumia?

Nitakuwa mkweli, kati ya AI na mkasi, chagua AI kila siku. Lakini sema. Andika kwa kapsheni kwamba matawi yalikuwepo na uliyatoa. Sababu ya kwanza ni jina lako. Mwaka 2018 shindano la Wildlife Photographer of the Year, la jumba la makumbusho la Natural History Museum, London, lilifuta picha iliyokuwa imeshinda kitengo mwaka uliotangulia, baada ya wataalamu kuona kuna uwezekano mkubwa kwamba yule mnyama kwa picha alikuwa ngozi iliyojazwa. Mpiga picha alikana. Picha ilitolewa vilevile. Hii kazi inasimama kwa kuaminiwa, na ikivunjika haina gundi.

Sababu ya pili ndiyo inaniuma zaidi. Ukiposti bundi kiotani na nyuma safi kama ya pasipoti bila kusema ulivyoipata, kuna kijana wa miaka kumi na sita anaiona. Anaenda kwa bundi wake, anakuta vijiti. Anajiuliza, mbona yake ni safi na yangu ni chafu? Hana hiyo programu. Ana panga la shambani. Picha yako haikukata tawi lakini ilimtuma mtu.

Nyuma "chafu" ndiyo hadithi

Nimalizie Kilifi. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke anaishi bundi mdogo sana, bundi wa Sokoke, mwenye urefu unaozidi wa kalamu kidogo tu. Wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 1966. Kwa dunia nzima anapatikana hapo na sehemu chache za karibu, kama milima ya Usambara Mashariki kule Tanzania, na amewekwa kwa orodha ya walio hatarini kutoweka. Kuna wa kijivu na kuna wa rangi ya kutu, na mchana wanalala wawili wawili, bega kwa bega, ndani ya vichaka vilivyosokotana kama nywele ambazo hazijaona kitana.

Tafuta picha zake. Karibu zote zina vijiti. Vijiti mbele, vijiti nyuma, kivuli cha kijiti kwa uso. Na hizo ndizo picha za kweli, kwa sababu huyu bundi hana maisha nje ya hicho kichaka. Ukikata kichaka ndio umwone vizuri, baada ya muda hutakuwa na wa kumwona. Mtu akiangalia ile picha anapaswa kuelewa kwamba huyu ndege na hii vurugu ni kitu kimoja.

Ni hivyo hivyo kwa bundi wa Kiawara na shamba la kabichi nyuma yake, na bundi mweupe na mabati yenye kutu ya kanisa. Picha laini isiyo na mahali inasema "bundi ni mrembo". Picha yenye shamba, mabati na miiba inasema "huyu ni jirani yako, na hajawahi kuua mtu wenu". Kwa nchi ambapo bado anapigwa mawe, mimi najua gani inahitajika zaidi.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukiona mtu anatoa mkasi chini ya mti wa bundi, usinyamaze ati ni mkubwa au ana lenzi ghali. Mwambie, "Boss, hebu jaribu kusogea huku kidogo." Mara nyingi hajui tu, na hatua mbili kushoto zinaweza kumpa picha aliyokuwa anataka kuikatia tawi.

Na kama hakuna upande uliobaki wa kusogea, weka kamera chini, mwangalie kwa macho, nenda nyumbani. Atakuwa hapo kesho, ukimwachia nyumba yake.